Maneno ya Nchi Isiyokuwako

Tuseme umeletewa hadithi ya kubuni kuhusu nchi ya milimani ambako mtoto akiona njaa humwita mama yake "baba". Bila shaka utasema mwandishi ametia chumvi kupita kiasi. Lakini abiri matatu hadi Kisii au Nyamira, ushuke sokoni, utege sikio. Utawasikia hata watu wazima wakiwaita mama zao hivyo hivyo, kwa heshima zote. Kwa Ekegusii mama ndiye "baba", na baba ni "tata". Mgeni hucheka siku ya kwanza; siku ya tatu huwa amekwisha kuzoea.

Nimelikumbuka jambo hilo kwa sababu ya daftari la mpwa wangu, msichana wa shule ya upili huko Nyamira. Anaandika hadithi ya ufalme ulio juu ya mawingu. Mfalme wake ni Zoltar, anakaa katika kasri lililofunikwa na theluji, analindwa na "dragoni", na kila asubuhi saa nne kamili huletewa chai na mkate. Mwalimu alichora mstari mwekundu na kuandika neno moja tu: "Haisadikiki." Binti alikuwa karibu kulitia daftari motoni.

"Mjomba, si ni ya kubuni?" aliniuliza. "Sasa itasadikika vipi?"

Swali zuri hilo, na kwa Kiswahili lina jibu la zamani. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa kitabu kuhusu nchi inayoelea angani, akakiita Kusadikika, na jina lenyewe ni kama kukukonyeza jicho. Nani ataamini nchi angani? Lakini wakazi wake wanaitwa Karama, Majivuno, Auni, Buruhani, maneno ambayo msomaji tayari alikuwa nayo kinywani. Naye Katama Mkangi, mwaka 1995, alitupeleka katika dunia ya mbali kwa chombo cha angani. Litamke polepole jina la dunia hiyo, Walenisi, nawe utasikia: wale ni sisi.

Kwa hiyo mawingu hayana hatia. Shida ni theluji. Binti huyo hajaigusa, na kurasa zake zinamsaliti: theluji ni nyeupe, theluji ni baridi, basi. Lakini muulize kuhusu mvua ya mawe! Ameiona ikichana majani ya chai ya nyumbani kwao, ameisikia ikipiga mabati hadi watu wakashindwa kusemezana. Akiiandika hiyo, hata mimi natafuta mahali pa kujificha. Na dragoni wa nini, wakati lugha yetu inamkuza nyoka akawa joka, na mtu akawa jitu? Ipe nchi yako jina linaloanza kwa U, na papo hapo msomaji anajua wenyeji wake wataanza kwa Wa na lugha yao kwa Ki. Hakuna haja ya kumweleza.

Hebu sasa tuitazame ile saa nne kamili. Ukiitaja umekwisha kutundika saa ukutani. Tena umetaja jua letu hili, kwa maana sisi huhesabu saa tangu macheo, na hesabu hiyo hutufaa kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ambako jua halibadilishi sana wakati wake wa kuchomoza. Juu ya mawingu, huchomoza lini? Siku za juma ni balaa zaidi. Jumatano ina "tano" ya Kibantu, na Alhamisi inayoifuata ni ya tano pia, ila kwa Kiarabu. Nchi ya kubuni itapataje bahati kama hiyo ya kuwa na tano mbili zilizofuatana?

Hata magwiji hurudi kufuta. J. R. R. Tolkien, profesa wa lugha huko Oxford, alichapisha The Hobbit mwaka 1937, na ndani yake mlikuwa na nyanya (za kula, si bibi). Katika toleo la 1966 alizitoa, akaweka achari.

Lakini usifute kila kitu. Ukitaka maneno safi tu, utamkalisha mfalme wako sakafuni, kwa sababu meza ni neno la Wareno. Kitabu ni cha Waarabu, shule ya Wajerumani. Mimi huuliza hivi: je, msomaji bado anasikia neno lilikotoka? Katika "meza" hasikii lolote. Katika "shilingi" anasikia serikali nzima. Kule Tabaka, Kisii, mafundi huchonga jiwe la sabuni hadi likawa kiboko au bakuli. Neno hilo ni la kawaida kwetu, lakini ufalme usiojua sabuni hauwezi kuwa nalo. Wangeliita jiwe laini, au jiwe la maziwa.

Ya Ekegusii nilimwambia ayaonje kama pilipili. Alitaka egesarate, ile kambi ya zamani ambako vijana walilinda ng'ombe. Kwa msomaji wa Nairobi hiyo ni ndoto tupu. Kwa nyanya yake ni historia, ina sheria zake, na akikosea atasomewa.

Amekwisha kubadilisha mengi. Saa nne imekuwa "ng'ombe wakishuka mtoni". Joka limerudi na jina lake. Amekwama kwa mfalme tu: "mfalme" anakuja na taji na kiti cha enzi, "omogambi" anakuja na ukoo mzima nyuma yake. Juzi alinipigia simu kwamba kwa sasa raia wanamwita "Yule", na kwamba akiandika hivyo usiku, anaogopa kidogo kuzima taa.