Saini Yangu na Timu Iliyoshindwa Miaka Ishirini

Wiki mbili zilizopita viongozi watatu wa wanafunzi walikuja ofisini kwangu wakiwa na karatasi moja. Walikuwa wamechangisha unga, sabuni na nguo kwa ajili ya waathirika wa mafuriko, nami ni mlezi wa kamati yao. Karatasi ilisema kwamba misaada "imewafikia walengwa", na chini yake palikuwa na nafasi ya saini yangu. Lori lilikuwa bado limeegeshwa nje ya bweni.

Niliwarudishia. Binti aliyekuwa katibu wao akaniuliza kwa upole, lakini kwa uchungu, "Dokta, ina maana hutuamini?"

Swali lile sikulijibu ipasavyo siku ile. Nikasema maneno machache kuhusu utaratibu, wakaondoka wameinamisha vichwa. Makala haya ndiyo jibu langu, na naomba msomaji anivumilie kwa kuwa jibu lenyewe linapitia mahali pasipotarajiwa: historia ya timu moja ya besiboli ya Marekani, Pittsburgh Pirates.

Nilisomea shahada ya uzamivu katika jiji la Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Semina zetu zilifanyika katika jengo la Posvar, jengo kubwa la zege lisilo na uzuri wowote. Kwenye sakafu yake ya chini, chini ya kioo, limehifadhiwa bamba jeupe lenye pembe tano. Katika miezi yangu ya kwanza nililikanyaga kila siku bila kulitazama, hadi mzee mmoja Mmarekani mweusi, mlinzi wa jengo, aliponisimamisha.

"Kijana, unajua umesimama juu ya nini?"

"Sijui, mzee."

"Umesimama nyumbani."

Akanieleza kwamba hapo kabla ya chuo kujenga palikuwa na uwanja wa Forbes Field, makao ya Pirates kuanzia mwaka 1909 hadi 1970. Katika besiboli, mchezaji huanza kando ya bamba hilo, huzunguka vituo vitatu, na alama haihesabiwi mpaka arudi alikanyage tena. Mzunguko wa robo tatu hauna thamani yoyote. Tangu siku ile nikawa nasimama pale kila jioni, naye akinifundisha mchezo kwa kunisimulia siku zake kuu.

Ya kwanza ilikuwa tarehe 13 Oktoba 1960. Pirates walikutana na New York Yankees, matajiri wa mchezo huo, katika fainali ziitwazo World Series, ambapo anayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa. Yankees walishinda mechi tatu kwa 16–3, 10–0 na 12–0. Pirates walishinda tatu kwa tofauti ndogo. Mechi ya saba ilipofika kipindi cha tisa, cha mwisho, matokeo yalikuwa 9–9. Saa tisa na dakika thelathini na sita alasiri, Bill Mazeroski, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kudaka mipira kuliko kuipiga, aliupiga mpira ukavuka ukuta wa kushoto. Hadi leo hakuna mwingine aliyemaliza mechi ya saba ya fainali hizo kwa pigo la namna hiyo.

Ukijumlisha alama za mechi zote saba, Yankees walipata 55 na Pirates 27. Aliyefunga mara mbili zaidi alikwenda nyumbani mikono mitupu. Mwanafunzi wa sayansi ya siasa hahitaji kuelezwa zaidi: ndivyo chama kinavyoweza kurundika kura katika ngome zake kikakosa viti vya majimbo, na ndivyo mgombea urais wa Marekani mwenye kura nyingi alivyoshindwa mwaka 2000 na tena 2016. Kanuni ya kuhesabu ni sehemu ya matokeo. Nimetumia mfano huu darasani kwa miaka mingi, na sijawahi kumwambia mwanafunzi yeyote kwamba niliupata kwa mlinzi.

Sehemu ya ukuta wa uwanja ule bado imesimama karibu na jengo. Kila tarehe 13 Oktoba wapenzi wa timu hukusanyika hapo na kusikiliza upya matangazo ya redio ya mechi ile, tangu mwanzo hadi mwisho, na Mazeroski anapopiga hushangilia kana kwamba hawakujua kitakachotokea. Nilihudhuria mara moja. Nikaona wazee wakilia kwa jambo lililotokea kabla mimi sijazaliwa, nikaelewa kwamba kumbukumbu ya pamoja nayo ni taasisi, tena haihitaji bajeti.

Lakini mzee yule hakulia kwa Mazeroski. Yeye alikuwa mtu wa Roberto Clemente.

Clemente alizaliwa mwaka 1934 huko Carolina, Puerto Rico, akajiunga na Pirates mwaka 1955, miaka minane baada ya Jackie Robinson kuvunja ukuta wa rangi katika ligi kuu. Alikuwa mweusi na alizungumza Kihispania, kwa hiyo alibaguliwa mara mbili. Waandishi wa habari waliandika Kiingereza chake kwa tahajia ya kumdhihaki. Kadi za wachezaji zilichapishwa kwa jina la "Bob" Clemente, ingawa yeye alijiita Roberto. Nilipoambiwa hilo nilinyamaza kidogo, kwa sababu jina langu mwenyewe lilikuwa limefupishwa na wenzangu wa semina hadi silabi moja, nami nilikuwa nimeitikia kwa tabasamu kwa muda wa mwaka mzima.

Aprili 1968, Martin Luther King alipouawa, Pirates walipangiwa kufungua msimu mjini Houston tarehe 8, siku moja kabla ya mazishi. Wachezaji weusi wa timu, Clemente akiwa mstari wa mbele, walikataa kucheza kabla King hajazikwa. Wenzao weupe wakaungana nao. Msimu wao ukaanza tarehe 10. Hapakuwa na amri kutoka juu, ila watu waliokubaliana kuhusu kile ambacho hakifai kufanywa.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 1 Septemba 1971, kocha Danny Murtaugh alipanga kikosi dhidi ya Philadelphia: Stennett, Clines, Clemente, Stargell, Sanguillén, Cash, Oliver, Hernández, na Dock Ellis mrushaji. Wote tisa walikuwa weusi, baadhi Wamarekani, wengine kutoka Panama, Kuba na Puerto Rico. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea katika ligi kuu. Wachezaji wenyewe walikuja kuligundua mchezo ukiwa umekwisha kuanza. Walishinda 10–7, na mwezi uliofuata wakawa mabingwa, baada ya kupoteza mechi mbili za mwanzo za fainali dhidi ya Baltimore. Clemente alitangazwa mchezaji bora wa fainali hizo. Alipowekewa kipaza sauti mbele ya taifa zima, alianza kwa Kihispania, akiwaomba wazazi wake baraka. Mzee aliponisimulia hilo, nilirudi chumbani nikawaandikia wenzangu wa semina barua pepe, nikiwaomba waniite jina langu lote.

Sasa nafika pale ninapotaka kufika.

Tarehe 23 Desemba 1972 tetemeko la ardhi liliangamiza Managua, mji mkuu wa Nikaragua. Clemente, aliyekuwa amefikisha mapigo yake 3,000 mwishoni mwa msimu uliopita, aliongoza uchangishaji kule Puerto Rico. Misaada ikaanza kupelekwa. Kisha zikamfikia habari kwamba shehena zilikuwa zikiishia mikononi mwa watu wa utawala wa Somoza badala ya kwa wenye njaa. Aliamua kwenda mwenyewe, akiamini kwamba mbele yake hawatathubutu. Usiku wa tarehe 31 Desemba alipanda ndege iliyokuwa imejazwa kupita kiasi, ndege ambayo wiki chache kabla ilikuwa imepata ajali ikiwa ardhini. Iliangukia baharini muda mfupi baada ya kuruka. Wote watano waliokuwamo walikufa. Rafiki yake Manny Sanguillén hakuhudhuria ibada ya kumbukumbu. Alikuwa baharini akipiga mbizi kumtafuta. Mwili wa Clemente haukupatikana. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Mzee alipomaliza kunisimulia hayo nilimuaga haraka. Alidhani nimeguswa na kifo. Ukweli ni kwamba niliona aibu.

Kabla ya kwenda masomoni nilikuwa mtumishi kijana katika ofisi moja ya serikali, ambayo sitaitaja. Mafuriko yaliikumba kata mojawapo, mablanketi na chakula vikatolewa, na siku moja nikaletewa hati ya mapokezi. Ilieleza kwamba kaya zote zilizoorodheshwa zimepata. Nilimuuliza mkuu wangu kama nisingepaswa kwenda kuona kwanza. Akacheka, "Weka saini tu, bwana mdogo. Gari la kwenda huko liko wapi?" Gari kweli halikuwapo. Nikasaini.

Wiki tatu baadaye mama mmoja alifika mapokezi akiwa amembeba mjukuu mgongoni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, yale mablanketi yaliyotangazwa redioni yatafika lini?" Kata aliyoitaja ilikuwa ile ile niliyoisainia. Nilimjibu kwamba yako njiani. Alinishukuru, akaniombea kwa Mungu, akaondoka kwa miguu. Sikuuliza mtu yeyote kitu, wala sikulifungua tena lile faili. Hadi leo sijui kama mablanketi yaliibwa, yalipotea, au yalicheleweshwa; ninachojua ni kwamba karatasi pekee iliyoweza kumsaidia mama yule kudai haki yake ilikuwa na jina langu likisema amekwisha kupata.

Wapo watakaomgeuza Clemente kuwa hadithi ya shujaa mmoja. Mimi sikubaliani nao. Nchi haiwezi kuendeshwa kwa kutegemea kwamba kila shehena itasindikizwa na mtu maarufu aliye tayari kufa. Alilazimika kwenda kwa sababu kule Managua hapakuwa na mtu wa kuaminika wa kupokea na kuhesabu. Alikufa kwa sababu hata kwenye uwanja wa ndege alikoondokea, ndege iliyozidishiwa mzigo iliruhusiwa kuruka. Kila upande wa safari ile palihitajika mtumishi wa kawaida, mwenye mshahara wa kawaida, wa kusema: hapana, hii haiondoki; hapana, hii haijafika. Ushujaa hutafutwa pale kazi za kawaida zinapokuwa hazijafanywa.

Timu yenyewe ilitwaa ubingwa mara nyingine mwaka 1979, kisha ikaporomoka. Oktoba 1992 walibakiza mtu mmoja tu wa kumtoa ili wafike fainali, wakapoteza mbele ya Atlanta. Kuanzia mwaka 1993 hadi 2012 walimaliza misimu 20 mfululizo wakiwa wamepoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Katikati ya kuporomoka huko, Novemba 1997, wananchi wa wilaya 11 za eneo hilo waliulizwa kwa kura kama waongezewe kodi ya mauzo ili, pamoja na mambo mengine, vijengwe viwanja vipya. Walikataa. Mwaka uliofuata viongozi wakaja na kilichoitwa Mpango B, fedha za umma zikapatikana bila kuwarudia wapiga kura, na uwanja mpya ukafunguliwa mwaka 2001. Ni uwanja mzuri sana. Ukuta wake wa kulia una kimo cha futi 21, kwa heshima ya namba ya Clemente. Wanaharakati mnaonisoma mtakubali kwamba uzuri wa kitu haufuti swali la nani aliridhia kilipiwe.

Nilikuwapo tarehe 1 Oktoba 2013, timu iliporejea kwenye hatua ya mtoano baada ya miaka 21. Sikuwa na fedha za tiketi. Nilisimama na mamia ya watu kwenye daraja linaloitwa kwa jina la Clemente. Watu uwanjani waliimba jina la mrushaji wa Cincinnati, Cueto, mpaka mpira ukamponyoka ukaanguka chini. Mpira uliofuata Russell Martin akaupiga ukavuka ukuta. Daraja zima lilitikisika. Pirates walishinda 6–2, na siku chache baadaye wakatolewa na St. Louis. Nilimtafuta mzee kesho yake. Alikuwa amevaa jezi namba 21 chini ya koti la ulinzi. "Umeona?" akaniambia. "Tulikuwa tunakuja tu, hata waliposhindwa."

Katibu wetu mpendwa, sasa nikujibu. Nawaamini ninyi. Nisiyemwamini ni yule kijana aliyesaini bila kwenda, kwa sababu namfahamu vizuri na najua jinsi kalamu ilivyokuwa nyepesi mkononi mwake. Jumamosi iliyopita nilipanda lile lori pamoja nanyi. Mlishuhudia wenyewe kwamba kwenye kitongoji cha pili orodha ilikuwa na kaya 31, na tuliowakuta walikuwa 44. Tuligawa kidogo kidogo, na waliokosa sabuni tukawaandika majina.

Nimeisaini karatasi ile jana, baada ya kufuta neno "walengwa" na kuandika idadi tuliyoihesabu. Nafasi ya waliokosa nayo nimeijaza. Bado tunadaiwa kaya 13.