Kwa Sadala: Gari Linalochemsha Penye Ubaridi

Ukitoka Moshi mjini kuelekea Arusha, ukavuka mto Karanga na mto Weruweru, utafika mahali panapoitwa Kwa Sadala, katika wilaya ya Hai. Msafiri wa basi hupaona soko na vibanda tu, kisha akapitiliza zake Bomang'ombe. Lakini ukishuka hapo ukatazama mkono wa kulia, utaiona barabara inayopanda Masama, ikipotea katikati ya migomba na mikahawa. Kwa barabara hiyo ndizi huteremka sokoni, na mbao, saruji na magunia ya mahindi hupanda kwenda vihambani. Mzigo huo, kwa sehemu kubwa, hubebwa na pikapu zilizokwisha kula chumvi nyingi.

Nilifika hapo asubuhi moja, nikamkuta mzee ameketi kando ya Toyota Hilux yake ya dizeli, ya miaka ya 1980, boneti likiwa wazi. Nilipomwamkia aliitikia kwa upole, kisha akanieleza kisa ambacho kwake kilikuwa kama kitendawili.

"Mwanangu," alisema, "hapa chini jua linawaka, na gari halina neno. Nikienda nalo Moshi na kurudi, mshale wa joto umetulia. Lakini nikipakia na kupanda Masama, kule ambako watu wanavaa masweta, linachemsha. Ni gari gani hili linaloumwa homa penye baridi?"

Mzee huyo alikuwa amekwisha kupeleka gari kwenye gereji moja, akaambiwa rejeta imekufa. Aliuza ng'ombe wa maziwa akanunua rejeta mpya. Juma lile lile, akiwa na shehena ya saruji, gari likachemsha tena mahali pale pale. Sasa alikuwa ameambiwa anunue pampu ya maji. Ng'ombe wa pili hakuwepo, na ada ya shule ya mjukuu wake ilikuwa inangoja mapato ya gari hilo hilo.

Fundi aliyeitwa kumsaidia alikuwa mtu mzima, mwenye maneno machache. Hakushika spana. Aliuliza kwanza: "Linachemsha lini, mzee? Likikimbia au likitambaa?"

Msomaji, swali hilo moja lina thamani kuliko spea nyingi za dukani. Mfumo wa kupoza injini haupishani sana na mifereji ambayo Wachagga wamechimba tangu kale kuteremsha maji ya Kilimanjaro hadi vihambani. Shamba likikauka, mwenye busara hasemi mara moja kwamba maji yamekwisha mlimani. Hufuata mfereji hatua kwa hatua, atazame umeziba wapi au umebomoka wapi. Ndani ya gari, pampu husukuma maji yazunguke kwenye injini yachukue joto, kisha yapite katika vijibomba vyembamba vya rejeta, ambako upepo huliondoa joto hilo. Kwa hiyo vitu viwili lazima vitembee: maji na upepo.

Gari likichemsha linapokimbia kwenye lami tambarare, upepo upo tele. Aghalabu yanayokwama ni maji. Huenda rejeta imejaa kutu na matope, pampu imechoka, au thamostati, yaani kile kimlango kinachofunguka chenyewe maji yanapofikia nyuzi 80 na kitu, imegoma kufunguka. Lakini gari likichemsha linapotambaa kwa gia ya kwanza, au linaposimama huku injini inanguruma, tuhuma ya kwanza ni upepo. Hapo mwendo wa gari hauleti hewa ya kutosha. Kazi yote imeachiwa feni.

Na ubaridi wa Masama? Huo hausaidii sana ikiwa hewa yake haipiti kwenye rejeta. Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui: kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta, ambacho hubana maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Mpira wa kifuniko hicho ukichakaa, kinga hiyo hutoweka, na mlimani ndiko aibu hufichuka.

Fundi alikagua gari likiwa limepoa, maana rejeta ya moto haifunguliwi. Maji yaliyobanwa hulipuka kuwa mvuke na kumchoma mtu uso na mikono. Alitazama kiasi cha maji na mpira wa kifuniko, vilikuwa sawa. Aliwasha injini kifuniko kikiwa wazi, akaangalia kama mapovu yanatoka mfululizo. Hayakuwapo. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakuta haijageuka rangi ya chai ya maziwa. Alishusha pumzi. Dalili hizo zingekuwapo, angeshuku gasketi imeungua au silinda hedi imepasuka, na hapo gharama ingemshinda mzee.

Kisha aliigusa mikanda ya feni. Ilikuwa imelegea na kung'aa kama kioo. Mwishowe aliliendesha gari hadi likapata moto, akazima injini, na feni iliposimama kabisa akaisukuma kwa kidole. Ikazunguka mara nyingi, nyepesi kama tiara ya mtoto. "Ndiyo hii," alisema.

Feni ya gari hilo hushikwa na klachi yenye mafuta mazito ndani yake. Injini ikipata moto, klachi hukaza na feni huzunguka kwa nguvu. Injini ikizimwa katika hali hiyo, feni hukataa kusukumwa. Hii ilikuwa imekufa. Na yule aliyefunga rejeta mpya alikuwa amekiacha nje kile kikinga cha plastiki kinachoizunguka feni, labda akidhani ni pambo, kumbe ndicho kinachoilazimisha hewa ipite kwenye rejeta.

Fundi aligundua la tatu: thamostati ilikuwa imekwisha kung'olewa. Madereva wetu wengi husifu dawa hiyo. Ni dawa ya uongo. Injini hukaa baridi muda mrefu, hula mafuta na kuchakaa mapema. Na katika injini kadhaa, maji ya moto hupata njia ya mkato, yakarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Klachi ya feni iliyotumika, mikanda mipya, thamostati, na kikinga kilichookotwa nyuma ya gereji: vyote pamoja havikufikia nusu ya bei ya rejeta. Mzee aliisikiliza hesabu hiyo kimya. Kisha akasema, kana kwamba anajisemea, "Ng'ombe yule alikuwa akitoa maziwa asubuhi na jioni."

Alasiri tulipanda Masama pamoja, mifuko ya saruji nyuma yetu. Sikuyatazama mandhari, ingawa Kibo ilikuwa imejifunua. Sote wawili tulikuwa tukiutazama mshale. Ulipanda kidogo kwenye kona ya kilima kikali, ukasita, ukatulia katikati. Tulipofika juu mzee alizima injini, akakaa akisikiliza. Hapakuwa na sauti ya maji yanayotokota. Palisikika mfereji tu, ukipita kando ya njia.

Nawe msomaji, ikiwa riziki ya nyumba yako imo katika gari kuukuu, likichemsha egesha, zima, ungoje lipoe. Usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto iliyokauka, chuma hupasuka. Na kabla hujauza chochote ili ununue spea, chukua karatasi uandike: lilichemsha wapi, likiwa na mzigo gani, likikimbia au likitambaa. Mpe fundi karatasi hiyo kabla hujampa fedha. Asipotaka kuisoma, mtafute mwingine.