Behewa Lisilo na Reli

Reli ya kaskazini mwa Uganda ilifika Pakwach mwaka 1964 na kuishia hapo, kando ya Naili. Kutoka Pakwach hadi Arua ni kilomita kama 130, na kwetu Koboko ni mwendo mwingine wa zaidi ya kilomita 50 kuelekea mpakani. Hakuna aliyewahi kulala Koboko akaamshwa na honi ya treni. Ndiyo maana watu wanaponikuta nimeinamia kipande cha bati, nikihangaika kubandika ngazi nyembamba ubavuni mwa behewa dogo la mizigo, huniuliza swali lilelile: haya wewe uliyaona wapi?

Niliyasikia kabla ya kuyaona. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa karani wa mizigo kule Pakwach enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya treni na daftari, akiandika namba ya kila behewa, limebeba nini, linakwenda wapi. Marobota ya pamba na tumbaku yalishuka, chumvi, sukari na saruji zikapanda. Alipokuja likizo na miche yake ya sabuni tulimzunguka tukitaka habari za vichwa vya treni, maana hata sisi tulishasikia kwamba kulikuwa na mitambo ya Garratt kutoka Manchester iliyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mjomba hakuwa na hamu nayo. "Kichwa kinakuja, kinakwenda zake," alikuwa akisema. "Behewa ndilo linalobaki na mali ya watu."

Basi tukaunda mabehewa. Tulikuwa na mabua ya mtama, tukayachuna ganda na kuyashikanisha kwa miiba. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya soda vilivyotobolewa katikati kwa msumari wa moto. Sasa nikitazama nyuma naona kifuniko cha soda kinafaa kuliko tulivyojua, kwa kuwa kina ukingo, na gurudumu la treni linakaa njiani kwa sababu ya ukingo wake. Taabu ni kwamba ukingo unataka reli. Juu ya vumbi la Koboko ulichimba mfereji na behewa likasimama. Wakubwa wetu walipasua mianzi, wakailaza chini ikiwa miwili miwili, na kwa hatua chache treni ilikwenda vizuri sana. Mianzi ikiisha, safari imeisha. Wavulana wengine walikwisha kuona dawa: kata ndara kuukuu, toa duara nne, tia kwenye waya, na una lori linalopita popote. Mimi nilibaki na vifuniko vyangu. Kwa nini, sijui kusema; pengine ni kwa sababu mjomba alikuwa wangu.

Serikali ya Amin ilianguka Aprili 1979, na Oktoba 1980 vita vikarudi kwetu kwa namna ambayo sitaisimulia hapa. Watu wa West Nile, mkoa wetu, walimiminika Zaire na Sudan. Sisi tulipita Kaya tukaishia katika makazi ya wakimbizi upande wa Yei. Mjomba alitufuata baadaye, mikono mitupu, bila daftari, bila kofia ya kazi. Huko ndiko ufundi wangu ulikobadilika, na chanzo chake ni mafuta ya kupikia.

Mafuta ya msaada yalikuja katika tini. Yakishamalizika, tini ilikuwa mali: watu walitengeneza taa, vikombe, mikebe ya kuchotea maji, hata vibamba vya paa. Sisi watoto tuliokota vipande vilivyobaki. Bati halikubali uongo kama bua. Ukilikunja pasipo pake, mkunjo unabaki hata ukilinyoosha. Mjomba, ambaye siku nzima hakuwa na la kufanya, alianza kukaa nami chini ya mwembe na kunisahihisha. Hakuwa fundi. Sidhani kama aliwahi kushika mkasi wa bati kabla ya hapo. Lakini alikuwa ametazama mabehewa kwa miaka mingi kuliko wengi wanavyowatazama watoto wao.

Mlango, alisema, haufunguki kama mlango wa nyumba. Unateleza ubavuni, juu umening'inia kwenye chuma, kwa sababu mbele ya ghala hakuna nafasi ya kuutupa nje. Nikabomoa mlango wangu. Halafu akataka paa livimbe kidogo katikati ili mvua iteremke. Halafu magurudumu: behewa refu halina magurudumu manne yaliyopigiliwa chini ya sakafu, lina bogi mbili, kila moja na magurudumu manne, na kila bogi inazunguka peke yake kwenye pini. Bila hivyo behewa refu halikati kona. Niliunda bogi kwa waya wa spoku za baiskeli, na siku zilipozunguka kweli mjomba alicheka kwa sauti, jambo ambalo nyumbani kwetu tulikuwa tumeshalisahau.

Kisha misumari ya ribiti. Hii ndiyo mbinu ninayoitumia mpaka leo. Unalaza bati juu ya kipande cha mpira, unachora mstari kwa nyuma, unadonoa kwa ncha ya msumari bila kutoboa. Ukiligeuza, upande wa mbele una safu ya vidundu, na jua likiwa pembeni kila kidundu kinatupa kivuli chake. Miaka mingi baadaye niligundua kwamba wapenzi wa treni ndogo Ulaya na Marekani wanafanya hivyohivyo, wakiwa na vifaa vya chuma vya kuhesabia nafasi kati ya kidundu na kidundu. Sisi tulitumia jicho na upana wa ukucha.

Jambo mjomba aliloling'ang'ania kuliko yote ni mpira wa breki. Kila mwisho wa behewa unaning'inia mpira mnene, unaounganishwa na mwenzake wa behewa linalofuata. Kichwa cha treni huamuru breki zote kwa hewa ya bomba hilo, na bomba likiachana, breki hubana. Behewa likikatika njiani, mpira unachomoka, na kila kitu kinasimama chenyewe. Sikuelewa sana wakati ule. Nilichokiona ni kwamba behewa lisilo na mpira lilimuudhi, na nilipoweka kipande cha ala ya waya wa umeme kilichopindwa, alilishika behewa mkononi, akaligeuza huku na huku, akauliza: "Namba yake?"

Tuliandika EAR, herufi za shirika lake la zamani, ubavuni kwa ncha ya mkaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika tangu 1977, mabehewa yamegawanywa kati ya nchi tatu, na Uganda ilikuwa na shirika lake. Mjomba alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale kambini. Lakini EAR ndiyo iliyokuwa mkononi mwake, na namba aliyonitajia aliitaja haraka, bila kufikiri.

Tulirudi Koboko baada ya 1986. Mjomba hakurudi kazini. Kaskazini kuliwaka moto mwingine, treni za Pakwach zikazidi kuwa adimu hadi njia ikaota majani, na mizigo yote ya West Nile ikahamia kwenye malori. Barabara ya Karuma hadi Pakwach ilipitiwa kwa misafara, askari mbele, askari nyuma. Watoto waliozaliwa miaka hiyo waliunda kile walichokiona: malori ya waya na bati yenye magunia yaliyojazwa mchanga, na juu ya magunia abiria wa udongo, na juu ya abiria askari wa udongo mwenye kijiti. Nilikuwa kijana mkubwa, nikijifunza uchoraji wa mabango mjini Arua, na nilisimama kuyatazama malori yale kwa wivu. Yalikuwa na ufundi ambao mabehewa yangu hayakuwa nao. Chasisi ilipinda kidogo kwa uzito, kama lori la kweli lililozidishiwa mzigo. Kulikuwa na kamba zilizofungwa kwa fundo la tandiboi hasa, na jeri kani ya maji ubavuni. Mtoto aliyeunda lori kama lile alikuwa amelitazama la kweli kama mjomba alivyotazama mabehewa.

Baada ya mkataba wa amani wa Sudan mwaka 2005, njia ya Juba ilifunguka na Koboko ikajaa matrela. Mwaka uleule Koboko ikawa wilaya. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ikatiwa lami muongo uliofuata, na madukani Arua yakaja magari ya plastiki kutoka China, ya bei ya chini kuliko soda mbili. Yalikuwa na honi na taa. Kwa miaka kadhaa sikuona lori la bati mikononi mwa mtoto wa mjini. Vijijini yaliendelea, na katika makazi ya Lobule, ambako wamepokewa wakimbizi kutoka Kongo, nimeyaona tena yakitoka katika tini za mafuta.

Mimi nililiona behewa la kweli nikiwa mtu mzima, Kampala, nikagundua kwamba mjomba hakusema chochote kuhusu harufu. Baadaye nilikwenda Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa 1971, ambako Garratt iitwayo Mount Gelai imesimama nje. Watu walipanga foleni kupiga nayo picha. Mimi nilichuchumaa nyuma na futi ya kupimia, nikipima mabehewa. Pale ndipo ubahatishaji ulipokwisha. Reli zetu za zamani zina upana wa mita moja, na kuna chapa ya Ujerumani, LGB, ambayo tangu 1968 imekuwa ikiuza treni ndogo kwa kipimo cha 1:22.5, juu ya reli ya milimita 45, kwa sababu reli nyingi za milimani wanazoziiga nazo ni za mita moja. Kwa kipimo hicho behewa la mita 13 linakuwa na sentimita 58. Nilichukua kipimo chao, bei yao nikawaachia. Bati langu bado ni la tini.

Kinachonisumbua sasa ni rangi. Zamani nilipaka behewa likang'aa. Siku hizi natumia muda mwingi kulichafua kuliko kulijenga: kutu ya maji ya misumari iliyolowekwa, masizi ya sufuria, vumbi jekundu la barabara ya Koboko lililochekechwa kwa kitambaa. Chini ya mlango panachakaa kuliko penginepo, kwa kuwa ndipo magunia yanapokwaruza. Karibu na bogi pana weusi wa grisi. Mpenzi wa reli wa Ulaya ataniambia vumbi letu si la reli ya Pakwach. Na aseme.

Mwaka 2013 Rift Valley Railways, iliyokuwa imekabidhiwa reli za Kenya na Uganda mwaka 2006, iliifungua tena njia ya kaskazini. Niliunda behewa jipya kwa shangwe, herufi RVR zikiwa safi kabisa. Kabla ya muongo kwisha mkataba wao ulikuwa umekoma, na herufi zangu nikazichafua kwa mpangilio.

Juzi amekuja dereva anayekwenda Juba. Alilitaka behewa refu la milango miwili kwa ajili ya mwanawe. Alilisifu, akalisukuma sakafuni, likakwama kwenye ufa wa saruji. "Fundi," akasema, "kazi nzuri, lakini huyu mtoto ana uwanja, hana reli." Nilimweleza habari za ukingo. Nikamweleza habari za bogi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama naweza kulivalisha matairi. Nilikata ndara kuukuu, duara nane, mpira wa breki nikauacha palepale, nikamtoza bei ya lori.