Kabla ya Msasa

Nilijifunza ufundi wa baiskeli hapa Dodoma mjini, jirani na soko la Majengo, enzi ambazo Phoenix za Shanghai na Swala zetu za Dar es Salaam ndizo zilizokuwa riziki ya kila fundi. Raleigh, Humber na BSA zilikwishakuwa za wazee. Siku hizi hizo za wazee ndizo zinazonitoa nyumbani asubuhi, maana wajukuu wanazitoa stoo na kutaka zing'ae.

Kwangu baiskeli haiguswi na msasa kabla umri wake haujajulikana. Msasa ukishapita, ushahidi wote umekwenda: stika, mstari wa dhahabu kwenye fremu, hata rangi ya chuma chini ya kutu. Ukame wetu una heri yake. Pwani chumvi hula rimu na madigadi. Huku vumbi jekundu hugandamana na grisi na kufunika chuma, nami nimekuta chini yake maandishi ya kiwandani yanasomeka vizuri kabisa. Kinachoteketea ni tandiko la ngozi, kwa sababu jua la Ugogo halina huruma.

Naanza na kitambaa na mafuta ya taa. Vyuma vya kung'aa vikiwa na umanjano kidogo, hiyo ni nikeli, na huenda baiskeli ni ya zamani sana. Kromu, ambayo weupe wake una ubaridi, ilienea miaka ya 1930. Kisha naenda kwenye habu ya nyuma. Ikiwa ni ya gia tatu ya Sturmey-Archer, kwenye ganda lake mara nyingi pamegongwa tarakimu mbili za mwaka, na pembeni namba ya mwezi. Hata hivyo gurudumu hubadilishwa, na kwa barabara zetu za miiba na mawe hubadilishwa sana. Habu ni shahidi mmoja; fremu nayo lazima ihojiwe.

Kijana mmoja aliniletea BSA nyeusi kutoka Mpwapwa, anataka niipige rangi nyekundu. Akaniambia, "Mzee, hii babu aliinunua kwa mshahara wa karanga, Kongwa." Mpango ule wa Waingereza wa kulima karanga ulianza 1947 na ukafa 1951. Nilipofuta habu, ikatokea 60.

Sikumwambia neno bado. Nilifungua pedeli, nikagonga pini za kranki zikatoka, nikafungua kikombe kinachoshika gololi za ekseli. Hapo ndipo fremu inaposema. Raleigh wa Nottingham walikata thredi 26 katika kila inchi, wakati viwanda vingine vya Uingereza vilikata 24. Ndiyo maana kikombe cha Raleigh hakiingii kwenye fremu ya mwingine, na mafundi wengi wameharibu fremu kwa kukilazimisha. BSA, wale wa nembo ya bunduki tatu, walikuwa Birmingham na thredi zao 24 mpaka Raleigh alipoinunua biashara yao ya baiskeli mwaka 1957. Niliweka geji. Ikakaa kwenye 26.

Basi fremu na habu zilikuwa zimekubaliana, na karanga za Kongwa zilikuwa zimekwisha zamani. Nilimweleza kijana taratibu, nikimwonyesha kila kitu kwa kidole, kwa kuwa jambo la marehemu babu si la kumtupia mtu hivi hivi. Alinyamaza, halafu akampigia simu bibi yake.

Bibi hakushangaa hata kidogo. Alisema ya Kongwa ilikuwepo kweli, na babu aliiuza ili aongezee ng'ombe wa mahari yake yeye bibi. Hii aliinunua baadaye, wakishazaa, kipindi cha kuelekea Uhuru, naye alipanda nyuma kwenye keria kwenda kliniki na mama wa huyo kijana mgongoni.

Kijana akasema rangi nyekundu tuiache. Tulibadilisha gololi, mnyororo, tairi na mipira ya breki. Fremu niliifuta kwa mafuta, nikagusia weusi pale tu palipokuwa na kutu, mstari wa dhahabu ukabaki kama ulivyotoka kiwandani. Tandiko bado ninalo mimi; natafuta ngozi ya ng'ombe nene ya kutosha.