Kakamega: Jioni Ikiingia, Lurambi Huenda Kazini Chicago

Msafiri anayetoka Kisumu kwenda Kakamega hana haja ya kumuuliza utingo amefika wapi. Akishapita Mbale na Chavakali, kisha Khayega kwenye sifa ya fahali wa kupigana, ataliona lile jiwe la Ilesi, Ikhongo Murwi, limesimama kama mzee aliyejitwika mzigo huku maji yakimtiririka usoni. Wageni huteremka hapa kupiga picha. Mimi hupenda kuwatazama wafinyanzi. Vyungu na mitungi hupangwa kando ya lami, na hatua chache nyuma ndiko nyumbani kwa wenyewe. Udongo unakandwa uani, watoto wanacheza papo hapo, na maharagwe yako motoni. Hakuna aliyepata kuwaambia akina mama hawa kwamba kazi ina mahali pake na nyumbani ni mahali pengine.

Natanguliza Ilesi kwa sababu siku hizi huko Nairobi watu husimulia habari za kufanyia kazi nyumbani kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi. Kilicho kipya si nyumba. Kilicho kipya ni kwamba mwenye kazi anaweza kuwa ng'ambo, na asijue hata Kakamega iko upande gani wa ramani.

Nilikuwa nakwenda kumtembelea shangazi yangu anayekaa Lurambi, mbele ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro ukifuata barabara ya Webuye. Wazee wanaukumbuka mji huu wakati mpiga taipu aliketi barazani karibu na afisi za Serikali, na mtu aliyetaka barua ya kuombea kazi alimsimulia shida zake mbele ya wapita njia. Taipureta zimekwenda. Karibu na chuo, kilichopata kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2007, sasa ni saiba baada ya saiba, na milangoni mabango ya KRA, HELB na eCitizen. Ndani wamo wanafunzi, na wamo pia wazee walioshika kofia mkononi wakingoja kijana awabonyezee yale ambayo zamani yaliwalazimu kupanda basi la usiku hadi Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 350.

Shangazi alinipokea kwa mulembe na kunikumbatia, halafu akaweka kidole mdomoni.

"Ongea polepole, mwanangu. Dada yako ameenda Chicago."

Nilitazama mlango wa chumba cha kulala. Ulikuwa umefungwa, na juu yake imetundikwa leso ya rangi ya machungwa. Ndiyo alama yao. Leso ikiwa mlangoni, binti wa nyumba hii hayupo, hata ukimsikia akikohoa.

Binamu yangu huyo alikuwa mfanyakazi wa afisi Nairobi, akipanga chumba Pipeline, Embakasi. Machi 13, 2020 kisa cha kwanza cha Korona kilitangazwa nchini, na siku mbili baadaye Serikali ikawataka waajiri wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani. Kwake yeye amri hiyo ilidumu majuma machache tu, kwani kazi yenyewe ilikwisha. Alirudi kwa mama yake na masanduku mawili. Baadaye alijiunga na mafunzo ya Ajira Digital, mpango ulioanzishwa mwaka wa 2016 kuwafundisha vijana kutafuta kazi mtandaoni, na hatimaye akapata duka moja la viatu la Chicago. Kazi yake ni kuwajibu wateja. Mmarekani akiletewa kiatu cha kulia peke yake, anayemwandikia kumwomba radhi yuko Lurambi.

Hebu sasa piga hesabu ya saa. Duka likifunguliwa saa tatu asubuhi kule, hapa ni saa kumi na moja jioni. Anatoka kazini saa saba usiku. Mwezi wa Novemba Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma, zamu yake husogea hadi saa kumi na mbili, na chakula cha jioni cha nyumba nzima husogea nayo. Shangazi, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa Malaba, anajua majira ya Chicago kuliko mimi niliyesoma jiografia.

Lakini saa kumi na moja jioni katika nyumba ya Mluhya ni saa ya namna gani? Ndiyo saa ya wageni. Ndiyo saa ya kuchuma mrenda, kufungia kuku na kuteka maji ya kuoga. Binti aliye nyumbani saa hiyo, ameketi, ni binti asiye na shughuli. Miezi ya mwanzo Shangazi mwenyewe alikuwa akimwita katikati ya kazi aje aamkie wageni na kuandaa chai. Naye alitoka, kwa heshima, na huku mteja alingoja majibu na dakika zikihesabiwa. Alipata onyo la maandishi. Ndipo leso ikatundikwa. Majirani walichukua muda mrefu zaidi. Mmoja aliwahi kumletea habari za kibarua cha kuuza dukani, akimhurumia mtoto wa watu aliyesoma na sasa anashinda chumbani.

Kisha kuna mvua. Mvua ya Kakamega hupenda kuja alasiri, na radi yake si ya mchezo. Mara nyingi stima hupotea wakati ule ule duka la Chicago linapofungua milango. Hapo binamu yangu hutumbukiza kipakatalishi katika mfuko wa nailoni, huita boda boda na kukimbilia mkahawa wenye jenereta mjini, akanunue chai moja ya kukalia saa nane. Na hata stima ikiwapo, hatari nyingine hazionekani. Kabla ya mwaka wa 2009, nyaya za TEAMS na Seacom zilipofika Mombasa, intaneti ya nchi hii ilipitia kwenye setilaiti, tena kwa bei ya kuumiza, na kazi kama hii isingewezekana. Lakini Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na kasi ikashuka Kenya nzima. Samaki wa Bahari ya Hindi wakaogelea juu ya mshahara wa Lurambi.

Faida ipo, tena kubwa. Shangazi ana shinikizo la damu, na sasa kuna mtu wa kumkumbusha dawa. Fedha huingia PayPal, kisha M-Pesa, na hazipitii kwa mwenye nyumba wa Pipeline. Lakini hakuna likizo wala malipo ya siku ya kuugua. Michango ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, anajilipia mwenyewe. Katika mkataba wake hatajwi kuwa mfanyakazi wa mtu yeyote.

Miezi michache iliyopita ilikuja barua fupi, yenye adabu. Barua za kwanza za wateja zingejibiwa na programu ya akili bandia, na yeye angeshughulikia zile tu zinazoishinda mashine. Saa nane za kazi zikawa tano.

Si yeye peke yake mwenye hofu. Machi 2024 Remotasks, ya kampuni ya Scale AI ya San Francisco, ilifunga kazi zake nchini Kenya. Vijana wengi walikuwa wakiitegemea, wakichora visanduku juu ya picha za magari na watu ili mashine zijifunze kuona. Hakukuwa na meneja wa kumwendea wala lango la kuandamania.

Kesho yake nilichukua boda boda hadi Rosterman, ng'ambo ya mji. Mwaka wa 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, aligundua dhahabu katika nchi hii, na Wazungu wakamiminika na mahema yao. Mwaka wa 1932 serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi ili shamba la Mwafrika liweze kuchukuliwa kwa uchimbaji na mwenyewe alipwe fedha badala ya kupewa ardhi nyingine. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka wa 1952. Wenye kampuni walikwenda zao na mashimo yakabaki, na hadi leo wako watu wanaochimba kwa sururu na kuosha mchanga kwa karai.

Nilimweleza binamu yangu mawazo hayo ya Rosterman tukiwa mezani mchana, yeye akiwa ndiyo kwanza ameamka. Hakupendezwa nayo. Yeye hakunyang'anywa shamba, alisema, na alichojifunza hakuna atakayekifungasha aende nacho. Kisha akanionyesha daftari. Zile saa tatu alizopunguziwa amezijaza mchana kwa wenye maduka watatu wa hapa hapa mjini, mmoja akiuza dawa za mifugo, awawekee hesabu na kuwatolea ankara za eTIMS ambazo KRA inadai. Wanalipa kidogo kuliko Chicago, na mmoja hulipa kwa kuku. "Lakini hawa nikiwadai," alisema, "najua mlango wa kubisha."

Nililala usiku mwingine mmoja. Asubuhi nilipokuwa natoka, kijana wa boda boda alipiga honi langoni. Shangazi alitimka kutoka jikoni, mwiko mkononi, akimwashiria anyamaze.

"Wewe! Kuna mtu amelala humu," alimwambia. "Ametoka kazini usiku."