Nani Alikuwa Nyuma Yake?



Tulikuwa 34 tulipoondoka parokiani, au ndivyo tulivyodhani. Ilikuwa Jumamosi moja ya Kwaresima, saa kumi na moja alfajiri. Tulikusudia kwenda kwa miguu kutoka Goma hadi Lac Vert, lile ziwa dogo la volkeno upande wa Bulengo, tusali huko, tule pamoja, kisha turudi kabla ya jua kuchwa. Njia yenyewe ni ya kilomita 10 hivi. Wengi wetu tumezaliwa juu ya mawe haya meusi, na tuliamini kwamba aliyezaliwa juu yake hahitaji kufundishwa namna ya kuyatembea. Tulibeba ngoma mbili, gitaa na sufuria. Hatukubeba kamba, wala hakuna aliyeandika majina.

Kabla ya saa moja asubuhi tuliacha barabara kuu, tukashika kijia kinachopita kati ya mashamba. Hewa ilikuwa imetulia, hata jani halikutikisika. Wenye miguu myepesi walikuwa wametangulia mbali, na wa mwisho hawakuonekana tena. Hapo ndipo mwenzetu mmoja, kijana wa miaka 16, alipomwona ndege amelala katika bonde dogo kando ya njia. Akadhani amevunjika bawa, akashuka ili amchukue.

Alipoinama tu, akapiga magoti ghafla kama mtu aliyepigwa kisogoni. Akainuka, akayumba, akashikilia jiwe kubwa. Sisi tuliokuwa juu tulidhani anatania, tukacheka. Kicheko kile kinatuuma hadi leo.

Mama mmoja aliyekuwa akilima karibu na hapo hakucheka. Alipaza sauti: “Batoto, musishuke! Ni mazuku!” Watatu kati yetu walikuwa wamekwisha kuanza kuteremka mbio ili kumwokoa mwenzao. Mama akawakimbilia, akanyoosha jembe lake mbele ya vifua vyao, akasema: “Mukishuka, tutazika bane.” Wakasimama.

Kisha akawaagiza wasichana wafungue vitenge walivyovaa juu ya nguo zao, wavifunge kimoja kwa kingine. Mwenzetu alikuwa bado amesimama, ameegemea jiwe, na kichwa chake kilikuwa juu ya ile hewa mbaya. Hilo ndilo lililomponya. Kitenge kilirushwa mara tatu ndipo akakidaka. Akakizungusha mkononi, nasi tukamvuta juu ya mawe makali, magoti yake yakichubuka. Alitapika, akalalamika kwamba kichwa kinampasuka. Tulimpeleka katika kituo cha afya, akakaa huko hadi jioni, ndipo akaruhusiwa kwenda nyumbani. Ndege tulimwacha pale pale.

Wapo wanaosema kwamba mazuku, yaani upepo mbaya, ni kazi ya wachawi. Sivyo. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini katika nchi hii ya volkeno. Haina rangi wala harufu. Nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukusanyika mabondeni na mashimoni kama maji yajazavyo bakuli. Katika hewa ya kawaida, gesi hiyo ni kama sehemu 4 tu katika 10,000. Ikifikia sehemu 10 kwa mia, mtu huweza kupoteza fahamu katika dakika chache, na ikizidi hapo hata dakika hizo hazipatikani. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, ndipo gesi hujaa zaidi. Jua likipanda na upepo ukivuma hupungua. Kwa sababu hiyo mtu mzima aliyesimama huweza kusalimika mahali ambapo mtoto, mbuzi, au mtu aliyeinama atakufa.

Baadaye jioni ile, baadhi yetu tulikwenda kumweleza mama mzazi wa kijana yule yaliyotokea. Alitusikiliza hadi mwisho, wala hakutukaripia. Akauliza neno moja tu: “Nani alikuwa nyuma yake?” Hatukuwa na jibu. Na afadhali hakuuliza zaidi, maana tulipohesabiana kando ya barabara asubuhi ile tulipata watu 32. Wawili walikuwa wamebaki nyuma, kandambili ya mmoja imekatika, na kwa muda wa saa nzima hakuna aliyetambua kwamba hawapo. Lau wangelishuka wao katika bonde kama lile, nani angelijua?

Tangu hapo tumetafakari sana juu ya wale watatu waliokimbilia bondeni. Walikuwa wema kuliko sisi wengine, maana sisi tulikuwa tunacheka. Je, walikosea kumpenda mwenzao? La, hasha. Lakini kutoa uhai kwa ajili ya rafiki ni jambo moja, na kuupoteza kando yake bila kumfaa kitu ni jambo jingine. Mazuku huua hivyo: mmoja huanguka, wa pili hushuka kumtoa, wa tatu huwafuata wote wawili. Mama yule naye alimpenda kijana asiyemjua hata jina. Upendo wake ulijua mahali pa kusimama, na ndiyo maana uliokoa.

Tena tumetambua kwamba majivuno yetu yalivaa vazi la imani. Tulisali kabla ya kuondoka, tukahesabu kwamba sala imemaliza matayarisho. Kumbe kuuliza njia, kuandika majina na kubeba kamba vilikuwa sehemu ya sala ile, nasi tuliikata katikati.

Sasa tunafanya hivi. Majina yote huandikwa, na nakala moja hubaki parokiani pamoja na njia tutakayopita na saa ya kurudi. Mwenyeji wa mahali hutangulia. Mkubwa mmoja hufunga msafara, wala hapitwi na mtu. Aliye mzito kuliko wote ndiye anayeamua mwendo. Kila mmoja ana mwenzake wa kumwangalia. Tunavaa viatu vilivyofungwa, maana mawe ya lava hukata kama kisu, na kila mtu hubeba maji yake. Katika njia zenye mabonde hatuanzi kabla jua halijapanda. Tukiona ndege, wadudu au panya waliokufa shimoni, tunapita mbali. Wengine hupima shimo kwa moto: mwali ukizimika, hatari ni wazi, lakini mwali unaoendelea kuwaka si hakikisho kwamba mtu atapumua salama. Na mtu akianguka, hakuna anayeshuka: tunatupa kamba, tunaita wenyeji.

Wanaotamani kupanda milima mirefu wakumbuke kwamba kila mahali pana hatari zake. Kilele cha Nyiragongo kina mita 3,470. Aliyetoka Kibati akitokwa jasho atatetemeka kwa baridi huko juu, na nguo iliyolowa mvua ni adui yake. Ngurumo zikisikika, mtu asikae kileleni wala chini ya mti ulio peke yake. Na mlinzi wa hifadhi akisema leo hatupandi, basi hatupandi. Mlima utakuwapo kesho. Ni sisi tunaoweza kukosekana.

Majuma mawili baadaye tulirudi kwa mama yule tukiwa na sabuni, chumvi na kitenge kipya. Alitupitisha shambani kwake, akatuonyesha mabonde matatu. Katika moja alikuwa amepoteza mbuzi wawili. Tulimwuliza kwa nini hapawekwi alama. Akajibu kwamba aliweka vijiti, na watu walivichukua kuwa kuni. Siku ile tukampangia mawe makubwa kuzunguka yale mabonde yote matatu, naye akasimama juu akituelekeza tusivuke wapi.

Kijana wetu ni mzima, na sasa yeye ndiye anayeshika daftari la majina. Kabla ya safari yoyote hamwulizi mtu kama yupo tayari. Hupita mstarini akimwuliza kila mmoja swali la mama yake: “Nani yuko nyuma yako?” Asiyejua hugeuka kutazama, na hatuondoki mpaka amejibu.