Picha Niliyoipiga Tunduma

Leo sina habari ya piko wala ya liwa. Nina kosa langu, na nalisema ili mwengine asilirudie.

Mwaka jana nilikwenda Tunduma, mkoa wa Songwe, kwenye akdi ya binti wa kaka yangu. Mji umekaa mpakani, ng'ambo ni Nakonde ya Zambia, na malori yanayokwenda Kongo na kurudi na shaba yanapanga foleni ndefu barabarani.

Wifi yangu alinituma dukani kuchagua vitenge vya harusi. Hapo nikamkuta mama mmoja mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, anafunga mzigo wa nguo za watoto alizonunua. Tukaanza mazungumzo. Asili yake ni Kasongo, Maniema, na ni Muislamu kama mimi. Nilishangaa, na sikupaswa kushangaa. Misafara ya karne ya 19 iliyofikisha dini na Kiswahili kule ilitoka huku kwetu. Tippu Tip alizaliwa Unguja. Na misafara hiyo hiyo ilirudi na pembe na watumwa. Kongo haijawahi kuwa mbali na sisi.

Akanihadithia vita vya 1998. Alikimbilia porini na mama yake, akatoka peke yake. Vita vile vilimalizika rasmi 2003, lakini mashariki ya Kongo haijatulia. Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23.

Machozi yalinitoka. Kwa nia njema kabisa nikampiga picha alipoinama kukaza kamba, nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp: "Dada zetu wa Kongo wanateseka, tuchangieni." Akaniona.

"Mama, ile foto yangu utaonyesha bantu gani?"

Nikamweleza. Hakupandisha sauti. Aliniambia hakuja Tunduma kuomba, amekuja kununua. Ana wateja wanamsubiri, ana watoto anawalipia shule. Waliomwona siku ile anakimbia wanatosha.

Niliifuta pale pale. Lakini mwenzetu mmoja alikuwa keshaisambaza, na mpaka leo sijui imefika wapi.

Mashoga, kwetu siku ya harusi tunawaambia wageni simu zikae mikobani. Bibi harusi amefungua nywele mbele ya wanawake wenzake, basi ana haki ya kusitiriwa. Kwa nini haki hiyo tuiache mlangoni mwa ukumbi? Sura ya Al-Baqara inatufundisha kuwa sadaka ikifuatwa na masimbulizi na maudhi huharibika. Mimi maudhi niliyatanguliza hata kabla ya senti moja kuchangwa.

Sisemi tunyamaze. Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999 na kupewa Nobel ya Amani 2018, ameizungukia dunia akieleza yaliyowafika wanawake wa Kongo. Asingesema, wengi wetu tusingejua. Kusema ni wajibu, ila kuna adabu yake.

Siku hizi naomba ruhusa kwanza, na nikinyimwa nashukuru. Nautaja mji na vita, mtu namsitiri. Na sadaka yangu naitafutia mahali panapojulikana. Wakimbizi wa Kongo wako hapa hapa nchini, kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tangu 1996. Wewe unayepanga harusi, ukipunguza sahani chache za karamu, kuna mtoto kule atavaa.

Kabla hatujaachana nilimtaka radhi. Akanisamehe, kisha akanichagulia kitenge mwenyewe. Alikisugua ncha kwa kidole kilicholowa, akasema hiki hakichuji. Bibi harusi wetu alikivaa, na kweli hakijachuja.

Allah awape amani ndugu zetu wa Kongo, na atusitiri sote, duniani na akhera. Amin.